Kiti cha Landrova ya Zamani

Leo tuzungumze juu ya kiti cha motokaa.

Landrova ilionyeshwa kwanza mwaka 1948. Baada ya Vita Kuu ya Pili chuma kilikuwa haba Uingereza, kwa hiyo bodi yake ilifanywa kwa aluminiamu. Ilikusudiwa kazi za shamba, si starehe. Viti vyake vilikuwa vyembamba.

Mwaka 1965 walowezi wa Rhodesia walijitangazia uhuru, na Zambia ikakatiwa mafuta. Malori yakayachukua kutoka Dar es Salaam, yakipita upande wa Mbozi hadi Tunduma. Barabara ya udongo iliitwa Njia ya Jehanamu. Hapo madereva walijua thamani ya kiti chema!

Leo mwenye pikapu ya zamani huko Mbozi Mission aweza kutia sponji mpya na kushona kitambaa kigumu. Lakini akumbuke: katika Landrova za kwanza tangi la petroli liko chini ya kiti cha dereva. Fundi atazame kama linavuja, wala asiwashe hata sigara. Asiyejua kitu kilivyofanywa, akikitengeneza huweza kuleta hatari.

Swali: kwa nini aluminiamu ilitumika? Kwaherini.