Jembe Kati ya Michoro Miwili

Baba alicheza bugobogobo, ngoma ya majembe, enzi za ujana wake. Imebaki picha moja tu: jembe liko juu ya kichwa, mdomo wazi, vumbi limesimama hewani. Mwaka jana, baada ya kuvuna pamba, mpwa wangu alifungua kompyuta yake kuukuu hapa Lagangabilili akaniambia, "Mjomba, nataka babu acheze tena."

Usukuma haukuanza leo kuchora. Bayeye, chama cha wacheza na nyoka, walichora kwenye kuta za ndani za nyumba walimowafundishia wanachama wapya. Hans Cory, mtaalamu wa jamii aliyefanya kazi katika serikali ya kikoloni ya Tanganyika, alichapisha kitabu kuhusu michoro hiyo mjini London mwaka 1953. Nyumba za udongo huanguka na rangi hurudi ardhini, kwa hiyo tunamshukuru. Lakini alichookoa ni maumbo. Mwendo wa wachezaji haukuingia kitabuni.

Mwendo ulitafutiwa dawa kwingine. Wachoraji wa katuni wa mwanzoni walilazimika kuchora upya kila kitu katika kila picha, hata mti usiotikisika. Mwaka 1914 Mmarekani Earl Hurd aliomba hataza ya njia nyepesi: anayesogea achorwe kwenye karatasi angavu ya seluloidi, kisha alazwe juu ya mandhari iliyochorwa mara moja. Matabaka ya aina hiyo yaliingia katika Photoshop mwaka 1994, toleo la 3.0, kwa ajili ya picha zilizotulia.

Programu ya mpwa wangu inaitwa Krita, neno la Kiswidi lenye maana ya chaki. Unaweza kuipakua bure. Mwaka 2015 watumiaji wake waliichangia fedha, na Mei 2016 toleo la 3.0 likatoka na zana za kuhuisha michoro. Waliolibuni walipaswa kuamua muda ukae wapi katika programu iliyojengwa kwa ajili ya kupaka rangi. Wakaupa kila tabaka mstari wake wa muda. Tabaka la shamba lina mchoro mmoja unaodumu mpaka mwisho. Tabaka la mchezaji linaweza kuwa na michoro 12 kwa sekunde. Mchoro uliotangulia huonekana kwa rangi hafifu, kama kitu kilicho nyuma ya ganda la kitunguu, ili mkono ujue ulikotoka.

Mwaka 2010 watoto wa Uingereza waliona Tinga Tinga Tales, katuni zilizohuishwa Nairobi kwa mtindo uliotokana na Edward Saidi Tingatinga, mchoraji aliyefariki Dar es Salaam mwaka 1972. Ile ilikuwa kazi ya studio nzima. Hapa kulikuwa na kijana mmoja, na betri isiyomaliza saa mbili.

Alichora jembe likiwa juu, akachora likiwa chini, akajaza katikati kwa kukisia. Tukamwita mzee. Alitazama mara tatu, mikono mgongoni.

"Siyo. Huyo analima."

"Kosa liko wapi, babu?"

Hakujibu. Alichukua fimbo yake, akasimama uani, akainyanyua. Bega la kulia lilitangulia, kiuno kikafuata, na fimbo ikaja mwisho kabisa, ikizunguka, kana kwamba imesahaulika. Alifanya mara moja. Ya pili goti lilikataa, akaketi.

Mpwa wangu alifuta michoro minne, akachora bega kwanza. Alipobonyeza, mtu mdogo kwenye kioo alirusha jembe lake juu ya shamba lisilosogea, na mzee akacheka hadi akakohoa.

Hicho ni kipande cha sekunde mbili. Bado mitindo mitatu anayoikumbuka yeye peke yake. Tumekubaliana kuendelea kila Jumapili asubuhi, kabla ya jua kuwa kali, na sasa ninachaji betri tangu Jumamosi.