Hodi ya Hewani

Sisi wa Isevya, hapa Tabora, twaijua maana ya njia ya watu wengi. Misafara iliyotoka Bagamoyo na iliyotoka Ujiji ilikutana Unyanyembe, na yote ilihitaji njia ile ile na maji yale yale. Mwaka 1871, vita baina ya Mtemi Mirambo na Waarabu vilipoanza, njia ya Ujiji ilifungwa, na hasara ikawapata hata wasiokuwamo ugomvini.

Hewani nako iko njia ya namna hiyo. Wawili wakipeleka habari pamoja katika wimbi moja la redio, msikilizaji hapati neno la huyu wala la yule.

Hatari yake ilionekana usiku wa tarehe 14 Aprili 1912. Mpiga simu ya upepo wa meli Californian, iliyosimama kwa ajili ya barafu, alimwita mwenzake wa Titanic ampe habari hiyo. Yule wa Titanic alikuwa akipeleka salamu za abiria kituo cha Cape Race. Mwito wa meli iliyo karibu ukamziba masikio, naye akamwamuru anyamaze. Wa Californian akanyamaza, kisha akazima mtambo, akalala. Punde Titanic ikagonga barafu. Ilipoomba msaada, mtu yule hakusikia. Wakafa watu wapatao 1,500.

Mwaka huo huo mataifa yalikutana London, yakakubaliana alama fupi za simu. Moja ni QRW, iliyokuwa na maana, "Una kazi?" Nayo Marekani ikawasukuma wapenzi wa redio, yaani watumiao mitambo bila kutafuta faida, kwenye mawimbi yasiyozidi mita 200, yaliyodhaniwa hayafai kitu. Lakini Desemba 1921 mawimbi yao mafupi yalivuka bahari, yakasikiwa Scotland. Mwaka 1927, katika mkutano wa Washington, mataifa yakawakatia wapenzi hao sehemu zao. Sehemu hizo ni za ushirika. Hakuna mwenye wimbi lake peke yake.

Hata hivyo, sheria peke yake haitoshi. Wimbi fupi hupanda juu sana, likarudishwa chini mbali, likiruka nchi zilizo katikati. Mtu wa Tabora aweza kuona kimya, kumbe wawili wanazungumza, naye asisikie hata mmoja. Kwa hiyo mwenye adabu husikiliza kwanza, kisha huuliza kama wimbi linatumika. Hungoja, akauliza tena. Akijibiwa kwamba lina watu, huhamia pengine. Wala hatumii nguvu za mtambo kupita haja yake. Na mwito wa hatari ukitokea, wengine wote hunyamaza.

Desturi hii si ngeni kwetu. Mgeni hupiga hodi hata mlango ukiwa wazi, maana hawezi kujua walio ndani wana shughuli gani.