Pareto Ilichumwa na Nani?

Nilipohariri makala ya piretrini katika kamusi elezo ya mtandaoni, upande wa kemia haukunisumbua. Mwaka 1924, Hermann Staudinger na Leopold Ružička walichapisha nchini Uswisi utafiti wao juu ya sumu ya wadudu iliyomo katika maua ya pareto. Walieleza piretrini mbili. Leo zinajulikana sita. Kila sentensi ilipata tanbihi yake.

Ugumu ulikuwa kwenye historia. Kabla ya Vita Kuu ya Pili, Japani ndiyo iliyoongoza kwa kuzalisha pareto. Vita vilipokata biashara hiyo, Kenya ikashika nafasi ya kwanza, na majeshi ya Washirika yakaitegemea dawa hiyo kuua mbu. Vyanzo nilivyosoma vilinipa tani, bei na majina ya wenye mashamba. Wachumaji hawakutajwa hata mmoja.

Kanuni yetu inadai chanzo kilichochapishwa. Simulizi la mdomo halitoshi. Basi niliandika tu kwamba maua yalichumwa kwa mikono, nikaweka tanbihi. Wewe mwenye bibi au babu aliyechuma pareto, mrekodi, kisha uchapishe. Nafasi yake kwenye makala ipo.