Njia ya kinga: feza ya kuitengeneza inatoka wapi?

Asubuhi, kwenye barabara zote za kuingia Kamina, unaona kinga. Makala, muhindi, mihogo, mafuta ya ngazi: vyote vinafika mjini juu ya baiskeli. Mara nyingi mwenye kinga hapandi, anaisukuma tu, juu mzigo ni mwingi. Gari moshi la SNCC lipo, na Kamina ni njiapanda ya reli ya Lubumbashi, Ilebo na Kalemie. Lakini kutoka shambani mpaka kwenye gare, kazi ni ya kinga.

Ile siku ya kugawanya feza za barabara, kinga haitajwi. Hapa tunaeleza njia yake ni ya namna gani, na milango gani mkaaji anaweza kupiga hodi.

Njia yenyewe

Kwetu njia ya kinga si ile ya lami iliyo pembeni ya barabara kubwa, kama kule Ulaya. Ni njia ya udongo, mita moja ama mbili za upana, inatoka kijijini mpaka barabara ya magari. Haihitaji mashine. Adui wake ni maji. Mvua ikianza, kama hakuna mfereji, maji yanachimba katikati ya njia na kubeba miti ya daraja. Basi kazi ni tatu: kukata majani, kufungua mifereji, kubadilisha miti iliyooza. Panga, jembe na beleshi vinatosha. Feza kubwa inahitajika pale palipo mto ao kinamasi.

Milango ya feza

Wa kwanza ni chefferie, secteur ao commune. Sheria ya tarehe 7/10/2008 inazipa bajeti yao wenyewe, na barabara ndogo za mahali ziko katika kazi zao. Bajeti inapangwa kila mwaka. Ombi likifika wakati bajeti imekwisha kupitishwa, litangoja mwaka mwingine.

Wa pili ni FONER, mfuko wa taifa wa kutunza barabara, uliowekwa na sheria ya mwezi wa 7, 2008. Unakula kwenye mafuta ya magari na kwenye péage. Kijiji hakiendi FONER moja kwa moja. Kazi zinapitia ofisi za Leta kama Office des Routes, na kwa barabara za mashamba ni OVDA, ile iliyoitwa zamani DVDA.

Wa tatu ni PDL-145T, programu ya Leta kwa maendeleo ya territoires zote 145 za nchi. Ndani yake mna masomo, vituo vya afya, na barabara za mashamba pia. Zetu tano zimo: Kamina, Kaniama, Kabongo, Bukama na Malemba-Nkulu.

Wa ine ni sisi wenyewe. Komite za CLER, yaani komite za mahali za kutunza barabara, zinagawa njia vipande vipande, na kila kantonye anajua kipande chake. Na kwa kununua kinga ao vipuri, likelemba na vikundi vya AVEC vinasaidia wengi wasiokuwa na benki.

Wengine wanafanya nini

Mwaka 2015 mji wa Nairobi, Kenya, uliandika katika siasa yake ya usafiri kwamba asilimia 20 ya bajeti ya barabara iende kwa watembea kwa miguu, wenye baiskeli na usafiri wa watu wote. Kuandika si kutimiza, lakini sasa mkaaji ana karatasi ya kudai nayo. Jirani Zambia, shirika World Bicycle Relief, lililoanza mwaka 2005, linatoa baiskeli ngumu na kufundisha mafundi wa kuzitengeneza. Kinga isiyo na fundi wala vipuri karibu inakufa mapema.

Komite ianzie wapi?

Mpime njia kwa mguu na kuandika: kilometa ngapi, madaraja mangapi, mahali gani maji yanakata. Mhesabu kinga zinazopita siku ya soko. Muandike bei ya vyombo na kazi gani kijiji kitafanya bure. Barua iende kwa mkubwa wa chefferie ao secteur, nakala kwa OVDA. Nakala yenu ipigwe mhuri wa kupokea. Daftari ya feza isomwe mbele ya watu wote, sivyo salongo ya pili hakuna atakayekuja.

Jambo la mwisho: mwenye kinga akilipa kwenye barrière, aombe kitansi. Kodi ya kweli ina karatasi, na ile karatasi inaonyesha ni ofisi gani ya kuuliza: feza yetu imetengeneza njia gani?