Kivumishi -geni na Wenyeji wa Visiwa vya Bajuni

Kivumishi -geni huonekana chepesi. Twasema: mtu mgeni, watu wageni, kitu kigeni, neno geni, habari ngeni. Lakini maana zake ni nyingi. Mgeni ni yule tunayemwandalia chakula. Ni yule tusiyemjua. Ni raia wa nchi nyingine. Na aliye mgeni wa kazi ni yule ambaye bado hajaizoea. Kinyume chake ni mwenyeji.

Historia ya Wabajuni yatufunza uzito wa maana hizo. Watu hawa, wenye lahaja ya Kiswahili cha kaskazini, wameishi kwa karne nyingi katika visiwa vya Koyama, Chovai na Chula, wakivua samaki na kusafiri hadi Lamu. Jina la Kismayu lenyewe hufasiriwa kuwa ni “kisima cha juu” katika lahaja yao. Mwaka 1925 Uingereza iliikabidhi Italia nchi ya Jubaland, na mpaka ukapita kati ya ndugu: hawa chini ya Mwitalia, hawa chini ya Mwingereza. Hakuna aliyehama kwake, lakini kwa sheria jamaa wa ng’ambo akawa mgeni.

Serikali ya Somalia ilipoanguka mwaka 1991, Wabajuni wengi waliporwa mali na kukimbilia Kenya. Kisha katika mkutano wa Arta, Djibouti, mwaka 2000, uwakilishi uligawanywa kwa kanuni ya 4.5: koo kuu nne zikapata fungu zima kila moja, na jamii ndogo zote, Wabajuni wakiwemo, zikaachiwa nusu ya fungu kwa pamoja. Wenyeji wa pwani wakahesabiwa kwa nusu.

Wahenga walisema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Yaani ugeni una kikomo. Anayeshiriki kazi ya mji ni wa mji. Ikiwa siku tatu zatosha, karne je?

Basi mtumiapo kivumishi hiki, kumbukeni kwamba hakisimami peke yake. Jambo huwa geni kwa fulani, na mtu huwa mgeni wa mahali fulani. Kabla ya kumwita mtu mgeni, jiulizeni: mgeni kwa nani, na tangu lini?