Mifumo ya Taarifa na Uamuzi wa Viongozi: Safari ya Takwimu Kutoka Zahanati Hadi Halmashauri Mkoani Rukwa

Mganga Mkuu wa Halmashauri hawezi kufika kila siku katika kila zahanati iliyo chini yake, wala Afisa Kilimo wa Wilaya hawezi kupima kila shamba. Hata hivyo, kila msimu viongozi hao hulazimika kuamua dawa kiasi gani ziagizwe, mbolea ielekezwe wapi na fedha zitangulie kwenda katika kijiji kipi. Wanaamua kuhusu mambo wasiyoyaona kwa macho yao. Hapo ndipo mfumo wa taarifa unapohitajika: kukusanya takwimu, kuzichambua na kumfikishia mwenye dhamana ya kuamua kabla muda haujapita.

Mkoani Rukwa jambo hili lina uzito wa pekee. Mji wa Sumbawanga umejengwa juu ya Uwanda wa Juu wa Ufipa, takriban mita 1,800 kutoka usawa wa bahari. Upande wa mashariki, ng'ambo ya safu ya Lyamba lya Mfipa, ardhi inashuka hadi Bonde la Ziwa Rukwa, takriban mita 800. Upande wa magharibi inateremka hadi mwambao wa Ziwa Tanganyika. Mvua zinapoanza mwezi Novemba, baadhi ya barabara za mabondeni hupitika kwa shida hadi Aprili. Shehena ya dawa iliyosahaulika mwezi Oktoba ni vigumu kuifikisha mwezi Januari.

Kutoka takwimu hadi taarifa

Takwimu ghafi si taarifa. Mgonjwa anapoandikishwa katika zahanati, jina lake, umri wake na ugonjwa wake huingizwa katika kitabu cha MTUHA, yaani Mfumo wa Taarifa za Uendeshaji wa Huduma za Afya. Kitabu namba 5 ni cha wagonjwa wa nje na namba 6 ni cha wajawazito. Mwezi unapokwisha, maandishi hayo hujumlishwa kuwa ripoti ya kituo na kuingizwa katika mfumo wa kielektroniki wa DHIS2, ambao umekuwa ukitumika katika halmashauri za Tanzania Bara tangu mwaka 2013.

Takwimu hizo huwa taarifa pale zinapolinganishwa na kitu kingine: mwezi uliopita, mwaka uliopita, kituo jirani au lengo lililowekwa. Kwa mhudumu wa zahanati, mgonjwa mmoja wa malaria ni mtu wa kutibiwa leo. Kwa msimamizi wa halmashauri, ongezeko la wagonjwa wa malaria katika kata moja ni ishara ya kupeleka vipimo na dawa mapema. Kwa Wizara, mwenendo wa miaka kadhaa ni msingi wa sera. Chanzo cha yote ni mstari mmoja katika daftari.

Wastani unaoweza kupotosha

Halmashauri ya Wilaya ya Sumbawanga ina maeneo ya uwandani kama Laela na Mpui, na pia maeneo ya bondeni kama Mtowisa na Ilemba. Kwa kuwa mbu waenezao malaria hustawi zaidi katika joto, mzigo wa ugonjwa huo bondeni haufanani na ule wa uwandani penye baridi. Kiongozi akiletewa wastani wa halmashauri nzima, anaweza kugawa dawa kwa usawa na bado akawa hajatenda haki: vituo vya juu vitabaki na akiba wakati vya bondeni vinaishiwa. Kwa mantiki hiyo, mfumo mzuri humwezesha msimamizi kuichambua takwimu hadi ngazi ya kata na kituo, badala ya kuishia kwenye jumla.

Hesabu ya dawa zilizokwisha

Uagizaji wa dawa unaonesha vema jinsi kosa dogo la kumbukumbu linavyogeuka kuwa uamuzi mbaya. Chukua mfano wa zahanati iliyotumia dozi 120 katika kipindi cha siku 90. Kwa hesabu ya haraka, matumizi yake ni dozi 40 kwa mwezi. Lakini ikiwa dawa hiyo ilikwisha kabisa kwa siku 30 kati ya hizo 90, basi dozi 120 zilitumika katika siku 60 tu, na mahitaji halisi ni dozi 60 kwa mwezi.

Kama siku za upungufu hazikuandikwa katika leja, maombi yatakayofika Bohari ya Dawa yatakuwa pungufu kwa theluthi moja, dawa itakwisha tena, na kipindi kinachofuata kitaonesha matumizi madogo yale yale. Mfumo utakuwa umekokotoa kwa usahihi kile ulichopewa, ilhali wagonjwa waliorudi nyumbani bila dawa hawataonekana popote katika ripoti.

Idadi ya watu na mbolea

Takwimu za huduma hupata maana zinapowekwa sambamba na idadi ya watu. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 1,004,539 mkoani Rukwa. Ile ya mwaka 2022 ilihesabu watu 1,540,519. Hilo ni ongezeko la zaidi ya nusu ndani ya miaka 10. Makadirio yaliyo chini ya hali halisi huweza kuonesha kiwango cha chanjo kinachozidi asilimia 100. Msimamizi makini akiona kiwango hicho huuliza kwanza: je, walengwa walikadiriwa ipasavyo, au kituo kinahudumia pia watoto wa maeneo jirani?

Katika kilimo, mpango wa ruzuku ya mbolea ulioanza msimu wa 2022/2023 ulitanguliwa na usajili wa wakulima katika mfumo wa kidijitali, ukihusisha taarifa za mkulima na ukubwa wa shamba lake. Kwa mkoa unaolima mahindi kwa wingi kama Rukwa, usajili huo humsaidia mpangaji kukadiria mahitaji kabla ya mvua. Mkulima anayetaja ekari asizolima, au asiyehuisha taarifa zake, huathiri hesabu ambayo jirani yake pia anaitegemea.

Mfumo hauamui

Sheria ya Serikali Mtandao ya mwaka 2019 imeweka msingi wa matumizi ya TEHAMA katika taasisi za umma, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inazitaka taasisi zinazokusanya taarifa za watu kuzilinda. Sheria hizo hazimwondolei kiongozi wajibu wa kufikiri. Kompyuta inaweza kuonesha kwamba zahanati fulani haikuripoti mgonjwa hata mmoja kwa mwezi mzima. Haiwezi kujua kama watu walikuwa na afya njema, mhudumu alikuwa safarini au barabara ilikatika. Jibu hupatikana kwa kupiga simu au kufunga safari.

Mwananchi naye ana nafasi yake. Kamati za usimamizi wa vituo vya huduma za afya zina wajumbe kutoka katika jamii, nazo hushiriki kupitia mipango na matumizi ya kituo. Mikutano mikuu ya vijiji husomewa taarifa za mapato na matumizi. Mwanakijiji wa Mtowisa anayeuliza dawa ilikosekana kwa siku ngapi, na kuhakikisha siku hizo zimeandikwa, anachangia uamuzi utakaofanyika mezani kwa Mganga Mkuu, kabla mvua hazijafunga barabara.