Nani Kaua Boksi? Safari ya Kompyuta ya Gari Kutoka Los Angeles Mpaka Majengo

Peleka gari lisilowaka kwenye gereji za mtaani hapa Majengo, Dodoma, halafu usikilize. Mara nyingi hukumu hutoka mapema: "Mzee, kontroli boksi imekufa hii. Tafuta nyingine." Kontroli boksi ndiyo kompyuta ya injini, kisanduku bapa chenye ukubwa wa daftari. Kwenye Toyota nyingi kimefichwa nyuma ya droo ya dashibodi, upande wa abiria. Hata kikiwa cha mtumba, si hela ya kuokota. Kwa mtu anayelisha familia kwa teksi, hukumu hiyo ikikosewa ni ada ya mtoto imeondoka hivyo.

Sasa swali ni hili: boksi limekufa kweli? Na kama limekufa, nani kaliua? Ili kulijibu, tuanze na kwa nini kisanduku hiki kilitengenezwa, na kilitufikia vipi.

Lilizaliwa kwa sababu ya moshi

Mwaka 1943 wakazi wa Los Angeles, Marekani, walianza kusumbuliwa na ukungu wa ajabu uliowasha macho na koo. Ilichukua miaka kumjua mhalifu. Mwanzoni mwa miaka ya 1950, mkemia Arie Haagen-Smit, mzaliwa wa Uholanzi, alionesha kwamba moshi wa magari na wa viwanda vya mafuta ukipigwa na jua hutengeneza ozoni, gesi inayoumiza mapafu. Mwaka 1970 Marekani ikapitisha sheria kali: magari mapya yapunguze sumu kuu za moshi kwa asilimia 90 ndani ya miaka michache.

Kabureta haikuiweza kazi hiyo. Kifaa kinachosafisha moshi kwenye ekzosi, ambacho mafundi wetu hukiita masega, hufanya kazi vizuri pale tu injini inapochoma kilo 14.7 hivi za hewa kwa kila kilo 1 ya petroli. Kabureta haina namna ya kupima matokeo ya kazi yake.

Dodoma yenyewe ni mfano mzuri. Mji uko mita 1,100 hivi juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ni nyepesi kuliko ya Dar es Salaam kwa zaidi ya asilimia 10. Kabureta iliyosetiwa pwani ikipanda huku inamwaga petroli nyingi kuliko hewa iliyopo. Pulagi zinakuwa nyeusi na mafuta yanaisha haraka. Injini ya kompyuta hupima hewa inayoingia, kisha inapunguza petroli yenyewe.

Kampuni ya Bosch ya Ujerumani ilikuwa imeanza mapema. Mwaka 1967 ilitoa D-Jetronic, mfumo wa kielektroniki wa kupuliza petroli, kwenye Volkswagen 1600. Mwaka 1976 Volvo ikaweka sensa ya oksijeni kwenye ekzosi, na hapo mfumo ukaweza kuukagua moshi wake na kujirekebisha. Mwaka 1979 BMW 732i ikatoka na Motronic, ambayo iliweka petroli na cheche chini ya kompyuta moja. Na kazi si mchezo: injini ikiwa kwenye mizunguko 3,000 kwa dakika, mzunguko mmoja unaisha ndani ya milisekunde 20, na humo ndani boksi limeshapima na kuamua.

Likafika kwetu bila kitabu

Miaka ya 1970 na mwanzoni mwa 1980 fedha za kigeni zilikuwa adimu Tanzania, na barabarani ulikuwa ukikutana na Peugeot 504 na Land Rover. Fundi alitumia sikio, pua na macho. Alisikiliza mlio, akachomoa pulagi na kusoma rangi yake, akasugua platini kwa msasa. Ugonjwa ulionekana.

Mwaka 1984 serikali ililegeza masharti, wenye fedha zao za kigeni wakaruhusiwa kuagiza bidhaa. Mwaka uliofuata akaingia Rais Ali Hassan Mwinyi, enzi ya "ruksa", na milango ikaendelea kufunguka. Kadiri miaka ilivyokwenda, magari ya mtumba ya Japani yakaja kwa wingi, na ndani yake kompyuta. Kitabu, kama kilikuwemo, kilikuwa cha Kijapani.

Kompyuta zile hazikuwa bubu, lakini. Toyota nyingi za wakati ule zina kiboksi cha plastiki karibu na injini chenye matundu ya majaribio. Unganisha TE1 na E1 kwa kipande cha waya, washa swichi, na taa ya injini kwenye dashibodi itakukonyeza: mara mbili, inapumzika, mara mbili tena. Hiyo ni 22, sensa ya joto la maji. Fundi anahesabu tu, mashine haihitajiki. Kisha kuanzia 1996 Marekani ikalazimisha magari mapya yanayouzwa kule yawe na soketi ya aina moja na misimbo inayofanana, na mashine za kusomea zikasambaa duniani.

Ila pale ambapo hapakuwa na mchoro wa waya, kipimo kilichobaki kilikuwa kuazima boksi la gari linalofanana, kulichomeka na kujaribu. Tusicheke. Kubadilisha kitu kimoja na kuacha vingine kama vilivyo ni mantiki ileile ya maabara. Tatizo ni kwamba mara nyingi boksi halifi lenyewe, linauawa. Kama koili iliyopiga shoti ndiyo iliyolichoma la kwanza, la kuazima nalo linaweza kuungua, na sasa magari mawili yamelala.

Uchunguzi wa kifo

Boksi halina kitu kinachozunguka wala kusuguana. Adui zake ni maji, betri iliyofungwa kinyume, kuchomelea bodi ya gari bila kuchomoa betri, na shoti za vifaa linavyoviendesha. Baadhi ya maboksi ya Kijapani ya miaka ya 1990 yana pia ugonjwa wa uzee: kapasita huvuja kimiminika kinachokula njia za shaba ndani. Ukilifungua unaweza hata kusikia harufu kama ya samaki.

Kwa hiyo uchunguzi huanzia nje ya boksi. Kwanza, washa swichi bila kupiga stata. Taa ya injini inapaswa kuwaka. Isipowaka, huenda glopu imeungua, au boksi halipati umeme kwa sababu ya fyuzi, rilei au ethi yenye kutu. Chukua mita. Umeme wa betri ufike kwenye boksi, na kati ya ethi ya boksi na ncha hasi ya betri mita isome karibu na sifuri.

Pili, tafuta volti 5. Boksi huzigawa kwa sensa kadhaa. Waya mmoja ukichubuka na kugusa bodi, volti hizo zinaanguka kwa sensa zote, na boksi linanyamaza kama maiti. Chomoa sensa moja moja. Volti zikirudi baada ya kuchomoa mojawapo, umempata mhalifu: ni sensa hiyo au waya wake. Boksi lilikuwa hai muda wote.

Tatu, msimbo ni ushahidi, hukumu bado. P0171 inasema petroli ni kidogo kuliko hewa. Haisemi kama mpira wa hewa umepasuka au pampu ya mafuta imechoka. Hata P0606, inayolitaja boksi lenyewe, isiaminiwe kabla ya kupima umeme na ethi.

Umeme ukiwa sawa, ethi safi, ishara za sensa zinaingia, lakini boksi halitoi amri kwa nozeli au koili, hapo sasa lifunguliwe. Kapasita zikiwahiwa hubadilishwa. Likiwa la kubadilishwa lote, pima kwanza koili na nozeli zisije zikaliua jipya. Kisha linganisha namba ya lebo mpaka tarakimu ya mwisho (za Toyota huanza na 89661), maana injini moja yenye giaboksi ya otomatiki au ya manyuo huwa na maboksi tofauti. Na kama ufunguo wa gari una chipu, boksi la gari jingine halitautambua mpaka lipangwe upya, au lije na ufunguo wake.

Kupima huku kunaweza kula saa nzima au zaidi, na hapa sisi wenye magari tuna lawama yetu. Kifaa tunakilipia kwa sababu tunakishika mkononi. Saa ya kupima tunaiona kama fundi anapoteza muda, tunambania, naye anajifunza kuwa kubahatisha kunalipa zaidi. Siku nyingine ukiambiwa boksi limekufa, muulize fundi taratibu: ethi umeipima? Volti 5 zipo? Na nini kililiua? Akiwa na majibu, mlipe na ile saa.